Mwalimu Nyerere, Kiswahili cha ofisini na neno bepari

RUSIZI – Ukisimama asubuhi kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza, kabla jua halijawa kali, utasikia bei zikitajwa kwa Kiswahili. Mama mwenye beseni la nyanya anamsalimia mwenzake kwa Kinyarwanda, anageuka na kumjibu mteja wa Bukavu kwa Kiswahili, kisha anarudi kwa mwenzake bila kukatiza mazungumzo. Hakuna aliyemfundisha darasani. Ila akifika dirishani, penye karatasi na mhuri, mara nyingi Kiswahili chake humwishia hapo. Karatasi zina lugha nyingine, naye hulazimika kutafuta kijana wa kumsomea.

Rwanda ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne mwaka 2017, baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Bunge lilipiga kura mwezi Februari na sheria ikatoka Aprili. Tangu hapo kila ninapopita mpakani kwa kazi hii ya kuandika habari za jumuiya, najiuliza swali moja: sheria ikishatoka, nani hukitoa Kiswahili kwenye gazeti la serikali na kukiweka dirishani? Katika ukanda wetu yupo mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo mpaka ikaonekana. Ni Julius Kambarage Nyerere. Wafanyabiashara wengi ninaokutana nao humkumbuka kwa heshima, na wengine, hasa wazee waliowahi kufanya biashara Kigoma au Mwanza, humkumbuka kwa kuguna. Wote wana haki.

Alizaliwa Butiama, mashariki ya Ziwa Victoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, kabila dogo ambalo lugha yake haisikiki mbali na nyumbani. Mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu. Mtoto Kambarage alichunga mbuzi kama wenzake, na hakuanza shule mpaka alipofika umri wa miaka 12, alipopelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma. Kiswahili alikikuta huko. Msomaji ashike jambo hili: mtu ambaye leo picha yake hutundikwa kila penye mkutano wa Kiswahili hakukinyonya kwa mama yake. Alikikuta shuleni, kama wengi wetu huku tulivyokikuta sokoni au kwenye basi.

Kutoka Mwisenge alikwenda Tabora mwaka 1937, shule iliyoendeshwa kwa nidhamu ya Kiingereza, kisha Makerere, Uganda, kusomea ualimu. Alibatizwa mwaka 1943 akachukua jina la Julius. Akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikokaa hadi 1952. Aliporudi alimwoa Maria na kuanza kufundisha shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Hapo ndipo jina la Mwalimu lilipomkaa, likawa kubwa kuliko cheo chochote alichopewa baadaye.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Tarehe hiyo ndiyo UNESCO ilikuja kuichagua mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Machi 1955 alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi akatakiwa kuchagua kati ya kazi na siasa. Akaacha kazi. Kwa miezi kadhaa alikaa kwao akimfundisha padri mmoja wa Kimarekani Kizanaki ili aweze kuhubiri. Hebu mfikirie mtu anayetaka kuunganisha nchi yenye lugha zaidi ya 120, anapata senti zake kwa kufundisha mojawapo ya zile ndogo kabisa.

TANU ilienea kwa Kiswahili. Mkoloni Mwingereza aliweka Kiingereza kwenye Baraza la Kutunga Sheria, lakini mikutano ya hadhara haikuwa na haja nacho. Na tusimpe Nyerere sifa zote peke yake: kule Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini aliyejua ngoma na maneno, ndiye aliyewavuta wanawake kwenye chama kwa maelfu kwa Kiswahili cha pwani kisichotafuta kamusi. Kambarage wa Butiama aliwasikiliza watu wa aina hiyo akajifunza. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Rais mpya aliingia bungeni tarehe 10 Desemba 1962 na kuhutubia kwa Kiswahili.

Hotuba ni jambo moja, ofisi ni jambo lingine, na ofisi ilichukua miaka mitano zaidi. Mapema Januari 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Mwezi uliofuata Azimio la Arusha likatolewa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Bunge likaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, kazi yake ikiwa kusimamia maneno. Shule za msingi zikafundisha kwa Kiswahili. Chuo cha uchunguzi wa lugha kilichoanza 1964 kikaendelea kukusanya maneno mpaka kikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Watu wazima wakaketi jioni kwenye madawati ya watoto wao kujifunza kusoma. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Hesabu za serikali za miaka ya 1980 zilisema waliobaki ni wachache sana. Hata ukizipunguza hesabu hizo kwa sababu serikali yoyote hupenda kujisifu, mabadiliko yalikuwa makubwa.

Ninaloliona hapo ni mpangilio. Amri ilifuatwa na chombo, chombo kikafuatwa na kamusi, na kamusi ikamkuta raia tayari anajua kusoma. Karani aliyeambiwa aandike barua kwa Kiswahili alikuwa na pa kuuliza neno. Maneno yenyewe yalitafutwa hata bara, si pwani tu. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno bunge na Kiha cha Kigoma, ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na neno ikulu na lugha za Wasukuma na Wanyamwezi. Mtu wa Kigoma aliyesikia Bunge likitajwa redioni hakulisikia kama neno la wageni.

Je, ilikuwa rahisi kwake? Ilikuwa rahisi kuliko kwa wengine, na mfano ulio wazi ni India. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilikifanya Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu na kukipa Kiingereza miaka 15 ya kuondoka. Muda huo ulipokwisha, Januari 1965, watu wa Madras wanaosema Kitamil waliingia barabarani, wengine wakajichoma moto, kwa kuwa waliona watoto wao watashindana kwa kazi za serikali na watu wa kaskazini waliozaliwa na Kihindi mdomoni. Mwaka 1967 Bunge la India likabadili sheria na kukiruhusu Kiingereza kiendelee pamoja na Kihindi bila kikomo. Mwaka huohuo mmoja, Dar es Salaam ilikuwa inakwenda upande wa pili. Tofauti haikuwa ujasiri wa Nyerere. Kihindi kilikuwa na wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, na kila asiye mwenyewe aliona ananyang'anywa. Kiswahili, nje ya ukanda wa pwani na visiwa, hakikuwa na kabila la kuogopwa. Mzanaki aliyekitangaza naye alikuwa amekikuta shuleni kama Mhaya na Mhehe.

Kwetu Rwanda hesabu ilikuwa nyingine. Hapa nchi nzima ina lugha yake moja, Kinyarwanda, kwa hiyo Kiswahili hakikuhitajika kuunganisha vilima. Kilikuja na misafara na askari wa Kijerumani, na baada ya Wabelgiji kuchukua nchi kilibaki lugha ya mitaa ya wafanyabiashara na Waislamu pembezoni mwa miji. Kwa miaka mingi kumwita mtu Mswahili hakukuwa kumsifu. Alikuwa mjanja wa mjini, mtu wa kuangaliwa mfuko. Waliokirudisha kwa wingi ni wale waliorejea nchini baada ya 1994 kutoka Tanzania, Uganda na Kongo, na kwa upande huu wa Rusizi, Kongo ilikuwa hatua chache tu ng'ambo ya mto. Kwa hiyo sheria ya 2017 haikuwa ya kuunganisha Wanyarwanda. Ilitazama nje, kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliyojiunga nayo mwaka 2007. Ni sheria ya mpakani zaidi kuliko ya mlimani, na ndiyo maana ninasisitiza dirisha la mpakani.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo waandishi wa sifa huipita haraka. Nyerere alikipa Kiswahili ofisi, lakini Kiswahili kilichotoka ofisini kilimtukana mfanyabiashara.

Chukua neno bepari. Kihindi na Kigujarati vina neno lenye mzizi huo, na maana yake ni mfanyabiashara tu, mtu anayenunua na kuuza. Lilivuka bahari na majahazi na kuingia Kiswahili kupitia maduka ya Wahindi. Katika Tanzania ya Azimio likawa neno la kumwitia adui. Bepari akawekwa meza moja na kabaila, mnyonyaji, kupe na mlanguzi. Nyerere mwenyewe, aliyependa kutafsiri usiku baada ya kazi, aliifanyia tafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, ikachapishwa mwaka 1969. Kichwa alichoipa ni Mabepari wa Venisi. Miaka sita kabla, alikuwa ametafsiri tamthilia ya Julius Caesar, na kazi zote mbili zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba kitu chochote. Lakini katika kichwa hicho kimoja cha kitabu, mchuuzi wa Italia amegeuzwa kuwa mtu wa kushtakiwa kabla pazia halijafunguliwa.

Maneno yalifuatwa na vitendo. Mwaka 1967 biashara ya jumla na ya kuingiza bidhaa ilichukuliwa na shirika la serikali. Nafaka zikapewa shirika moja la umma, na kusafirisha gunia la mahindi kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine kukawa jambo la kusimamishwa barabarani. Katikati ya miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengine kwa nguvu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, na mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vya wakulima navyo vikavunjwa. Mwaka 1983, wakati sabuni na sukari vilikuwa vimeadimika, serikali ilipitisha sheria ya uhujumu uchumi na kuwakamata watu wenye bidhaa majumbani, na chini ya kampeni ya Nguvu Kazi wachuuzi wa mjini wakasombwa na kupelekwa mashambani. Mama wa nyanya wa daraja la Rusizi, kama angekuwa Dar es Salaam mwaka huo, angekuwa kwenye lori.

Na mpaka nao. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza Desemba 1967 na makao yake Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Nyerere alifunga mpaka wa Tanzania na Kenya mwezi Februari mwaka huo na haukufunguliwa rasmi mpaka Novemba 1983. Karibu miaka saba. Upande wa Namanga na upande wa Holili watu walikuwa na Kiswahili kimoja, wakioana na kuzikana, na magari hayakuvuka. Wenye bidhaa walipita porini, na Kiswahili kikapata matumizi mengi mapya ya neno magendo.

Siandiki haya ili kumharibia jina. Hakujilimbikizia mali, na jambo hilo si dogo katika ukanda wetu. Alipoona amekosea katika mambo kadhaa alisema. Mwaka 1984 alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa lilikuwa kosa. Mwaka 1985 aliondoka madarakani kwa hiari. Ila mfanyabiashara anayeambiwa amshukuru Mwalimu kwa lugha anayofanyia biashara ana haki ya kujua kwamba Mwalimu huyo hakumpenda sana yeye na biashara yake.

Kiswahili chenyewe nacho hakukifikisha mwisho wa safari. Tume aliyoiunda mwenyewe kuhusu elimu ilipendekeza, mwaka 1982, kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Serikali yake haikukubali. Hoja aliyoitoa ni kwamba Kiingereza duniani kina kazi ileile ambayo Kiswahili kina kwetu, kwa hiyo kisiachwe. Hoja ina maana, lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kitanzania alisoma miaka saba kwa lugha moja na siku ya kwanza ya sekondari akakuta ubao umebadilika. Mahakama za juu nazo ziliendelea kuandika hukumu kwa Kiingereza, na mshitakiwa aliondoka na karatasi asiyoweza kuisoma. Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake.

Nasi Rwanda tuliopitisha sheria yetu mwaka 2017 tuko wapi kwenye njia hiyo? Sheria inakiruhusu Kiswahili kitumike katika utawala na kionekane kwenye baadhi ya nyaraka panapohitajika. Maneno hayo panapohitajika yanabeba mzigo mzito. Nani anaamua kwamba panahitajika? Jumuiya ina cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, kilichobuniwa kwa ajili ya mchuuzi mdogo hasa. Mchuuzi huyo ndiye mwenye Kiswahili na asiye na Kiingereza. Jumuiya ina Kamisheni ya Kiswahili Zanzibar, na mwishoni mwa 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili kiwe mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya. Kongo nayo imejiunga tangu 2022. Amri zipo nyingi kuliko alizokuwa nazo Kawawa mwaka 1967. Kilichokuwepo wakati ule na ambacho sijakiona hapa ni karani aliyeambiwa waziwazi kwamba kuanzia Jumatatu fomu iwe hivi, na kuonyeshwa pa kuuliza akikwama.

Kuna mambo mawili ya maisha yake yanayotugusa moja kwa moja. La kwanza ni la wakimbizi. Mwaka 1980 serikali yake ilitoa uraia kwa Wanyarwanda zaidi ya 30,000 waliokuwa wamekimbilia Tanzania, na mwaka 1983 Umoja wa Mataifa ulimpa nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyopokea wakimbizi. Watoto waliokulia katika makazi yale walisoma kwa Kiswahili, na baadhi yao wako hapa leo.

La pili ni Burundi. Baada ya kustaafu, Nyerere alikubali kuwa msuluhishi wa vita vya Burundi. Mwezi Julai 1996 Pierre Buyoya alipochukua madaraka kwa mapinduzi, viongozi wa ukanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara, Mwalimu akiviunga mkono. Rwanda ilishiriki. Bonde la Bugarama, ambako mpunga wetu unalimwa karibu na mpaka, lilijikuta linatazamana na soko lililofungwa kwa amri. Kama ilivyokuwa Namanga mwaka 1977, bidhaa hazikukoma, zilibadilisha njia na bei. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999. Wanaomtetea husema bila shinikizo lile hakuna ambaye angekuja mezani, na mazungumzo ya Arusha yalianza kweli mwaka 1998. Waliokuwa wakibeba chumvi usiku wana hesabu yao nyingine.

Hakuyaona mazungumzo yakiisha. Alikuwa akiugua saratani ya damu, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama mwezi huohuo. Miaka yake ya mwisho alikuwa pia ametunga Injili kwa tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Usuluhishi wa Burundi ulichukuliwa na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 2000.

Wiki tano hivi baada ya mazishi, tarehe 30 Novemba 1999, marais wa Kenya, Uganda na Tanzania walikutana Arusha wakatia saini mkataba wa kuirudisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000.